Mahali pa Kuweka Dawa katika Nyumba ya Mabati

Karatasi inayokuja na dawa huwa na maagizo yaleyale: iwekwe mahali pakavu, penye ubaridi, mbali na watoto. Aliyeyaandika alifikiria nyumba yenye jikoni, bafu na kabati la ukutani. Nyumba nyingi za Mathare, Nairobi, ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, ukuta wa mabati na paa la mabati, na humo ndani watu hulala, hupika, huogesha watoto na kuwasimamia wakifanya kazi za shule. Katika chumba hicho maagizo hayo hugongana. Juu, ambako mtoto hafiki, ndiko kwenye joto kali kuliko kwingine. Chini kuna ubaridi, lakini kuna unyevu na panya, na mtoto anayetambaa hufika kabla ya mtu mwingine yeyote. Panapofaa ni katikati, na mtoto azuiwe kwa kufuli badala ya urefu wa rafu.

Nairobi ni mji wa nyanda za juu na haina sifa ya joto, ndiyo maana watu hulipuuza. Vidonge vingi huandikwa visipitishe nyuzi joto 30, vingine 25. Watafiti walioweka vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru katika miezi ya joto ya mwisho wa 2015 na mwanzo wa 2016 walikuta mitaa hiyo ina joto zaidi ya lile la kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti. Mabati hunyonya jua na miti ni michache. Na hilo ni joto la mtaani. Ndani ya chumba, chini kidogo ya paa, saa nane mchana wa Februari, hali ni mbaya zaidi, na jiko likiwashwa jioni kabla bati halijapoa joto huongezeka tena.

Mahali pazuri hupatikana kwa mkono. Kiganja kiwekwe ukutani saa nane mchana, sehemu moja baada ya nyingine, kisha jaribio lirudiwe chakula cha jioni kikiwa motoni. Ukuta unaotazama magharibi huchoma alasiri. Ukuta wa katikati, unaotenganisha chumba na cha jirani, kwa kawaida ndio wenye nafuu, isipokuwa jirani awe ameegesha jiko lake upande wa pili, jambo ambalo mkono utalitambua mara moja. Mahali palipobaki na ubaridi mara zote mbili, kwa urefu wa kati ya goti na kiuno, ndipo pa kuweka dawa. Juu ya televisheni hapafai, wala kwenye msumari juu ya jiko ambapo mvuke wa sufuria hupanda, wala dirishani. Katika ghorofa za Mathare North na Huruma, zenye kuta za mawe, joto si tatizo kubwa. Huko cha kuogopwa ni ukuta unaotoa maji na rafu iliyo karibu na bafu.

Chombo cha kuhifadhia kiwe na mfuniko unaobana na kisichopitisha mwanga. Mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ya Kasuku, wa kilo mbili, unafaa kuliko vyombo vingi vinavyouzwa kwa kazi hiyo, mradi uoshwe kwa maji moto na sabuni hadi harufu ya mafuta iishe, kisha uachwe wazi siku nzima ukauke. Dawa huwekwa humo zikiwa katika pakiti zake, na mkebe wenyewe huingia katika sanduku la bati. Nyumba iliyowahi kumpeleka mtoto shule ya bweni hukosa vitu vingi lakini haikosi sanduku la aina hiyo, tena lenye mahali pa kufuli. Sanduku liinuliwe juu ya matofali mawili au matatu, lisigusane na ukuta wa nje, na ufunguo ukae na mtu mzima mmoja anayejulikana. Ufunguo unaoning'inia kando ya kufuli haumzuii mtoto wa miaka mitatu.

Habari ya watoto inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa dawa zilizo hatari zaidi kwao mara nyingi ndizo zisizoogopwa na wakubwa. Vidonge vya madini ya chuma anavyopewa mama mjamzito kliniki huonekana kama lishe tu, na vingine vimepakwa utamu. Mtoto mdogo akimeza kadhaa vinaweza kumuua. Kidonge kimoja cha glibenclamide, dawa ya kisukari ya bibi, kinaweza kushusha sukari ya mtoto hadi azirai, pengine saa nyingi baada ya kukimeza. Baadhi ya vidonge vya presha navyo ni hatari kwa mtoto vivyo hivyo. Upande mwingine, dawa za watoto wenyewe zimetengenezwa zipendeze. Oktoba 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuanza kutoa kitaifa dawa za kifua kikuu za watoto zinazoyeyuka majini na zenye ladha ya matunda. Yalikuwa maendeleo makubwa, kwani hapo awali wazazi walivunja vidonge vichungu vya watu wazima na kukisia kipimo. Ila dawa tamu hutafutwa. Mtoto asiambiwe kwamba dawa ni peremende, hata siku anapokataa kunywa na mama amechoka.

Mkoba wa mgeni ni mlango mwingine. Shangazi aliyekuja kulala siku mbili huwa na dawa zake mkobani, na mkoba huwekwa kitandani. Ni adabu kumpokea mkoba na kuutundika, na ni busara kumwuliza kama una dawa.

Kuna hatari nyingine inayowagusa watoto wachanga. Geli ya klorheksidini ya asilimia 7.1, inayopakwa kitovu cha mtoto aliyezaliwa, hutolewa katika vifungashio vinavyofanana na vya dawa ya macho. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari baada ya visa zaidi ya 40 katika nchi 9 za Afrika kusini mwa Sahara, ambapo geli hiyo ilitiwa machoni kimakosa na kuleta majeraha mabaya, hata upofu. Chanzo huwa ni tyubu mbili ndogo zilizolazwa pamoja gizani, stima ikiwa imepotea na mtoto analia. Dawa za macho zikae katika mfuko wao peke yake, na geli ya kitovu itolewe nyumbani mara kitovu kinapopona.

Pakiti ya asili ya dawa ni sehemu ya dawa. Stripi ya vidonge huzuia unyevu na mwanga, na chupa ya plastiki nyeupe yenye kijifuko cha chembechembe za kunyonya unyevu hufanya kazi hiyohiyo. Kijifuko hicho hakiliwi wala hakitupwi, hubaki ndani hadi kidonge cha mwisho. Pamba inayojaza shingo ya chupa mpya, kinyume chake, hutolewa chupa inapofunguliwa, kwa sababu baada ya hapo huvuta unyevu kutoka nje.

Taabu huanza dawa inapohesabiwa kemisti kutoka mkebe mkubwa na kutiwa katika kibahasha kilichoandikwa kwa kalamu «1 x 3» na basi. Hakina jina la dawa, nguvu yake wala tarehe ya mwisho. Baada ya wiki mbili, katika nyumba ya watu sita, hakuna anayekumbuka vidonge vile vyeupe vilikuwa vya nani. Mnunuzi ana haki ya kuomba yaandikwe mambo manne juu ya bahasha: jina la dawa, nguvu ya kidonge kwa miligramu, jina la mgonjwa na tarehe ya kuisha. Kemisti mwenye leseni ya Bodi ya Famasia na Sumu hachukizwi na ombi hilo. Akichukizwa, hiyo nayo ni habari. Dawa ya bahasha ambayo haikuandikwa na imesahaulika isionjwe ili kukisia ni nini.

Unyevu huharibu kimyakimya kuliko joto. Masika ya Machi hadi Mei, kisha ukungu wa Juni na Julai, hufanya nguo zisikauke, na dawa hupata sehemu yake. Kapsuli hunata na kulainika, vidonge vilivyopakwa rangi huota madoa, na aspirini iliyoanza kuvunjika hunuka siki. Zipo pia ambazo hazionyeshi dalili yoyote. Vidonge vya carbamazepine, wanavyotumia wengi wenye kifafa, vikikaa penye unyevu huwa vigumu, haviyeyuki vizuri tumboni, na vinaweza kupoteza hadi theluthi moja ya nguvu yake. Mgonjwa aliyetulia mwaka mzima huanza kuanguka tena, na familia ikatafuta sababu kwa majirani wenye husuda huku chupa ikiwa imeshinda wazi juu ya meza, kando ya mtungi wa maji.

Faragha ni jambo ambalo vitabu vingi vya dawa hulipita, ingawa katika chumba kimoja ndilo huamua dawa itakaa wapi. Kliniki ya Blue House, iliyofunguliwa Mathare na Madaktari Wasio na Mipaka mwaka 2001, ilikuwa miongoni mwa mahali ambapo watu wa Eastlands walianza kupata matibabu ya HIV. Siku hizi kidonge kimoja kwa siku kinatosha kwa wengi, na mgonjwa aliyetulia hupewa dawa za miezi mitatu au zaidi kwa mara moja. Nafuu hiyo ya safari imeleta mzigo wa kuhifadhi: chupa kadhaa, zinazolia zikitikiswa, katika nyumba ambayo fundi, mwenye ploti na jamaa wa mashambani huingia bila kubisha sana. Ndipo watu huzimimina dawa katika chupa ya losheni au mfuko wa nailoni na kuchoma chupa yenye jina. Siri hulindika, lakini kinga dhidi ya unyevu hupotea, na mtoto hukuta vidonge katika chombo anachokijua.

Njia ya kati ipo. Chupa ibaki ilivyo na ivalishwe soksi nene, isilie wala kusomeka, kisha iingie sandukuni. Kama ni jina la mgonjwa linaloogopwa, kijikaratasi cha jina kinaweza kubanduliwa na jina la dawa na tarehe ya mwisho vikaachwa. Za wiki moja tu ndizo zinazoweza kuhamishiwa katika kikebe kidogo cha kila siku. Mwenye kisanduku cha dawa za kifua kikuu afanye vivyo hivyo. Dawa za miezi sita zikiharibika katikati, ugonjwa unaweza kurudi ukiwa sugu.

Kufuli hiyohiyo ina kazi nyingine isiyopendwa kutajwa. Dawa za usingizi, na baadhi ya zile zinazotolewa kwa wagonjwa wa akili wanaohudhuria Hospitali ya Mathari, zina soko haramu mitaani, na vijana huziiba nyumbani kwao. Na pale ambapo mtu wa nyumbani amekata tamaa ya maisha, dawa zote, hata za kutuliza maumivu zinazouzwa dukani, zikae na mwingine anayeaminika, zikitolewa za siku moja moja.

Dawa za maji zina kalenda fupi. Unga wa amoxicillin wa watoto ukishachanganywa na maji yaliyochemshwa na kupoa hudumu takriban siku saba nje ya friji. Tarehe ya mwisho iliyopigwa chapa kiwandani inahusu unga mkavu na haina maana tena. Siku ya kuchanganya iandikwe kwenye chupa kwa kalamu ya wino. Inapowezekana, mzazi aulize kama ipo ya vidonge vinavyoyeyuka majini, ambavyo havina shida hiyo. ORS iliyochanganywa humwagwa baada ya saa 24, hata ikiwa imebaki nusu lita. Dawa ya macho hutupwa wiki nne baada ya kufunguliwa. Mabaki ya antibiotiki hayawekwi akiba kwa ajili ya kikohozi kijacho. Kwanza hayatoshi dozi, na pili mgonjwa anayefuata pengine hana ugonjwa uleule.

Insulini ndiyo hutia watu hofu zaidi, kwa kuwa chupa ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na friji ni chache. Hofu hiyo imepunguzwa na kazi iliyofanyika Kenya hapahapa. Katika kambi ya Dagahaley, Dadaab, Madaktari Wasio na Mipaka walipima joto la nyumba za wakimbizi, lililopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha wao na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiga joto hilo maabarani kwa wiki nne. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba nguvu ya insulini haikupungua kwa zaidi ya asilimia 1. Mathare haifikii joto la Dadaab. Kwa hiyo mgonjwa asiye na friji ana msingi wa kukubaliana na kliniki yake achukue kiasi cha wiki nne tu, aandike siku ya kuanza, na asitumie chupa iliyopita muda huo.

Vyungu viwili vya udongo husaidia: kidogo ndani ya kikubwa, mchanga mbichi katikati, kitambaa chenye maji juu, na insulini ndani ya kikebe kikavu. Vyungu viwekwe kivulini panapopita upepo. Hufanya kazi vizuri Januari na Februari hewa ikiwa kavu, na Aprili hudhoofika kwa kuwa maji hayakauki haraka. Friji ya duka la jirani, ambayo wengi huikimbilia, ina kasoro zake. Hufunguliwa kwa kila soda, na sehemu ya nyuma hugandisha. Insulini iliyoganda hutupwa, hata ikiyeyuka na kuonekana safi kama mpya. Iliyokaa kwenye joto la chumba ni salama kuliko iliyoganda.

Aprili 2024 Mto Mathare ulifurika usiku, ukaua watu na kuzoa nyumba za kandokando yake, na wiki chache baadaye matingatinga yakabomoa nyumba nyingine zilizobaki kwenye ukingo. Moto nao hupita mtaani mara kwa mara, na mabati yaliyoshikana hayatoi nafasi ya kufikiri. Familia yenye mgonjwa wa kila siku iwe na mfuko mdogo wa plastiki unaofungwa kwa zipu, ndani yake dawa za wiki moja, kadi ya kliniki na kijitabu cha mama na mtoto, uwekwe juu kabisa ndani ya sanduku. Dawa hizo zizungushwe kila mwezi na zile za matumizi ili zisizeekee mfukoni. Picha ya kadi na ya chupa ya dawa ikiwa kwenye simu, kituo chochote kinaweza kuendeleza matibabu. Vidonge vilivyoingiwa na maji ya mto havioshwi wala kuanikwa. Hupelekwa kliniki ili vibadilishwe.

Ajali ikitokea, mtoto akakutwa na chupa mkononi, asitapishwe na asinyweshwe maziwa. Maziwa si dawa ya sumu, na kumtapisha aliyekunywa mafuta ya taa huyapeleka mapafuni. Mafuta hayo, yanayouzwa kwa kipimo na kubebwa katika chupa za soda, huwadhuru watoto wengi Afrika Mashariki, hivyo chupa ya dawa iliyoisha isigeuzwe kamwe kuwa ya mafuta au ya Jik. Mtoto apelekwe hospitali papo hapo pamoja na chupa au stripi yenyewe, vidonge vilivyobaki vikihesabiwa njiani. Asisubiriwe aonyeshe dalili. Aliyemeza madini ya chuma anaweza kutapika, akapata nafuu kwa saa kadhaa, kisha akazidiwa.

Dawa zilizopitwa na wakati zikusanywe na kurudishwa kituo cha afya au duka la dawa linalozipokea. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji husika hujua ni lipi. Zisitupwe chooni, mtoni wala kwenye jalala, ambako watoto na waokota taka hupekua. Ikikosekana njia nyingine, vidonge hutolewa kwenye stripi, huchanganywa na majivu na majani ya chai yaliyotumika, hufungwa katika mfuko na kutolewa pamoja na taka siku gari au vijana wa kuzoa wanapopita. Jina la mgonjwa likwanguliwe kwenye chupa na chupa itobolewe. Sindano za insulini hutiwa katika chupa ngumu ya Jik yenye kifuniko, na ikifika robo tatu hufungwa kwa selotepu na kurudishwa kliniki siku ya kuchukua nyingine.